Mtu kapungua kilo 15 na zaidi, sasa anahisi vitu vya ajabu mwilini: kipi cha kawaida, kipi cha hospitali?

MkufunziJioni
Habari wakuu. Nasimamia mazoezi ya watu wanaopunguza uzito, na kuna malalamiko yanayojirudia kwa waliopungua kilo 15 na kuendelea ndani ya nusu mwaka. Presha inashuka, magoti yanapata nafuu, halafu wanaanza kuhisi mambo ambayo hakuna aliyewatahadharisha.

Matako kuuma wakikaa kwenye benchi. Kitu kigumu kwenye chembe cha moyo ambacho wanasema hakikuwepo. Tumbo kudunda karibu na kitovu wakilala chali. Kizunguzungu wakiinuka. Baridi hata wenzao wakitoka jasho. Mmoja anasikia pumzi zake mwenyewe ndani ya sikio. Na mmoja anaburuza kandambili ya kushoto, vidole havinyanyuki.

Wenyewe wanaambiana ni sumu zinatoka. Mimi sikubali. Naomba maelezo: kila kimoja kinatokana na nini, na kipi kisisubiri?

FisioMwambao
Nianze na huyo wa kandambili, maana wengi wa hao wengine wanaweza kusubiri, yeye hapana.

Neva inayonyanyua unyayo hupita upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, ikizunguka kichwa cha ule mfupa mwembamba. Papasa hapo utaupata mfupa. Neva iko juu yake, chini ya ngozi tu. Mtu mnene ana mafuta yanayoikinga. Akipungua haraka kinga inaondoka, lakini yeye anaendelea kukaa amekunja nne kama zamani, au kuchuchumaa muda mrefu akipalilia au akifua. Neva inabanwa kwenye mfupa mpaka inazima.

Mwambie atembee kwa visigino hatua kumi. Mguu wenye tatizo utashindwa kubaki na vidole juu. Kisha ushike unyayo wake, umwambie akusukume kwa kuugeuza ndani, halafu nje. Akiwa na nguvu ya kugeuza ndani lakini hana ya kugeuza nje wala kunyanyua juu, neva imebanwa pale gotini. Kama hata kugeuza ndani ni dhaifu, tena maumivu yanashuka kutoka kiunoni, fikiria neva iliyobanwa mgongoni, na matibabu yake ni mengine.

Kuanzia leo asikunje nne, asichuchumae, na asifunge bandeji ya goti. Wengi hukimbilia bandeji, kumbe nayo inabana palepale. Akae amenyoosha mguu, apitishe kanga chini ya vidole na kuvivuta kuelekea kwake sekunde 30, mara 3 hadi 5, asubuhi na jioni, ili kano ya kisigino isikaze. Avae kiatu kinachofungwa nyuma, kandambili zitamwangusha. Ikiwa lililoumia ni ganda la neva tu, nguvu hurudi ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache.

Hata hivyo aonwe na daktari wiki hii, apimwe sukari na vitamini B12, hasa kama anameza metformini, dawa ya kisukari ambayo ikitumiwa muda mrefu hupunguza B12. Kama miguu yote miwili ni dhaifu, au ana ganzi sehemu za siri, au mkojo hautoki, aende siku hiyohiyo.

NesiWodini
Mengi ya hayo mengine ni mwili uleule, ila umevuliwa koti.

Matako: tunakalia ncha mbili za mfupa wa nyonga, na kifandugu kiko nyuma yake. Sponji ngumu ya sentimita 5 hadi 8 inafaa kuliko mto laini unaozama. Kama kinachouma ni kifandugu, ikatwe nafasi nyuma ili kisiguse. Asimame kidogo kila nusu saa.

Chembe cha moyo: hiyo ni ncha ya chini ya mfupa wa kidari. Kila mtu anayo, na kwa wengine imepinda kuja mbele. Iko katikati kabisa, ngumu, haikui. Waache kuibonyezabonyeza kila asubuhi, maana mara nyingi maumivu yanatokana na vidole vyao. Uvimbe ulio pembeni, unaokua, au unaotokeza wakikohoa huo si mfupa. Inaweza kuwa ngiri.

Tumbo kudunda ni mshipa mkuu wa damu, aota, unaoshuka mbele ya uti wa mgongo na kugawanyika karibu na usawa wa kitovu. Kwa mtu mwembamba mdundo unasukuma vidole kuja juu. Vidole vikisukumwa kwenda pembeni, kulia na kushoto, apigwe altrasaundi. Upana wa sentimita 3 na zaidi si wa kawaida. Hasa mwanamume aliyevuka miaka 65 na aliyewahi kuvuta sigara. Mdundo ukiambatana na maumivu makali ya tumbo au mgongo, hiyo ni dharura.

PuaSikioKoo
La sikio watu hulikosea sana. Kuna mrija kutoka sikio la kati hadi nyuma ya pua. Kwa kawaida umefumba, unafunguka tu ukimeza au ukipiga miayo. Mafuta yanayouzunguka husaidia kuufumba. Yakipungua unabaki wazi, na sauti na pumzi zinapanda moja kwa moja.

Akiinamisha kichwa katikati ya magoti au akilala, dalili inapotea au inapungua sana. Mazoezi na upungufu wa maji huizidisha. Asitumie dawa za kuzibua pua, zinakausha na kuongeza tatizo. Kusafisha nta hakusaidii. Anywe maji ya kutosha na adondoshe maji ya chumvi ya dukani puani. Kurudisha kilo chache kunaweza kutosha. Asizoee kuvuta kamasi kwa nguvu ili sikio "lizibe". Anapata nafuu ya muda lakini anavuta ngoma ya sikio ndani. Daktari akichungulia huku mgonjwa anahema kwa nguvu kupitia pua, huweza kuiona ngoma ikicheza kufuata pumzi.

DawaNaDozi
Kizunguzungu kisipite kimyakimya. Mtu kapungua, dozi ya dawa ya presha imebaki ya mwili wa zamani. Apime presha baada ya kulala dakika 5, kisha akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, dozi iangaliwe upya. Asijiachishe mwenyewe: dawa ya presha kama atenololi ikikatwa ghafla moyo huenda mbio na presha kuruka.

Kwa anayetumia dawa za kisukari kama insulini au glibenklamidi, hatari ni sukari kushuka: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L anywe vijiko 3 vya chai vya sukari ndani ya maji, apime tena baada ya dakika 15.

MkufunziJioni
Asanteni sana. Wa kandambili anakwenda kesho. Wa baridi je? Hatumii dawa yoyote. Na kuna mwingine analalamika ubavu wa kulia baada ya kula chipsi.

NesiWodini
Wa baridi: mafuta ya kuhifadhi joto yamepungua, na mwili unaokula kidogo hupunguza uzalishaji wa joto. Mara nyingi misuli nayo imekwenda. Ale protini gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo mayai mawili kwa siku hayafiki popote. Kama anachoka sana au hapati choo, apimwe wingi wa damu na tezi ya shingo.

Wa ubavu apigwe altrasaundi ya mfuko wa nyongo. Kupungua zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki huongeza mawe ya nyongo. Akipata homa au macho yakawa ya manjano, asisubiri miadi.

Na yeyote aliyepungua bila kukusudia hayumo kwenye mazungumzo haya. Huyo apimwe kifua kikuu, VVU na sukari kwanza.

DawaNaDozi
Nyongeza kwa wanaopima presha nyumbani: pimeni upya mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani. Aliyekuwa anatumia mkanda mkubwa akiendelea nao mkono ukiwa mwembamba, mashine inasoma chini kuliko ukweli. Mkanda wa kawaida wa mashine nyingi ni wa sentimita 22 hadi 32; imeandikwa kwenye mkanda wenyewe.