Tupeane uzoefu: Idi, Krismasi na likizo ndefu, mnafanya nini na watoto kwa mikono yenu?

Mama Wawili, Tanga

Wapendwa, salamu kwenu. Wanangu wamefika umri wa kuuliza "Idi tunanunua nini?" kabla ya kuuliza "Idi lini?", na jambo hilo limenikera. Sisi tulipokuwa wadogo, Idi ilianza siku nyingi kabla mwezi haujaandama, maana kila mtu alikuwa na kazi yake. Kuna wa kuchekecha unga, kuna wa kupaka sinia samli, kuna wa kutumwa dukani kufuata iliki. Nguo mpya tulizipenda, nani asiyezipenda, lakini leo nikikaa na dada zangu hakuna anayekumbuka rangi ya gauni hata moja. Tunachokumbuka ni nani alikuwa anadokoa visheti usiku.

Naomba tupeane uzoefu wa msimu wowote mnaouadhimisha. Mnapika nini na watoto, mnawasomea au kuwasimulia nini, na mnatengeneza nini kwa mikono? Leteni vipimo, tafadhali. Msiandike "weka kiasi".

Naanza mimi. Kwetu ni visheti. Unga wa ngano nusu kilo, samli ya moto vijiko vinne vikubwa, chumvi chembe, halafu tui la vuguvugu kiasi cha kuufanya unga ushikane, uwe mgumu kuliko wa chapati. Watoto wanakata vipande vidogo, wanakibonyeza kila kimoja kwenye mgongo wa uma na kukikunja, kinatoka na michirizi. Kukaanga ni kazi yangu, mtoto hasogei. Shira ni sukari vikombe viwili kwa maji kikombe kimoja na iliki, inachemka mpaka ukiishika kati ya vidole inavuta uzi. Unamimina visheti na kugeuzageuza upesi mpaka sukari igande nyeupe.

Kukunja nusu kilo nzima kunachosha, na hapo ndipo baba yao anapoingia na Abunuwasi wake. Si mtu wa vitabu, lakini akisema "Hadithi hadithi!" hata jirani anaitikia.

Bi Mkeka, Unguja

"Kiasi cha kuufanya unga ushikane." Umetukataza wewe, umekiandika wewe. Haya, tuendelee.

Mimi nasuka, na kwa watoto nina kazi moja tu: kawa, kile kifuniko cha chakula cha kusukwa. Watu wanafikiri kawa ni ya maonyesho au ya watalii, kumbe Ramadhani ndiyo nyumba yake. Futari imeshapakuliwa, adhana bado, nzi wanazunguka, utafunika na nini? Sahani ya plastiki inatoa jasho na kaimati zinalowa. Kawa inapumua.

Tunaanza Rajabu, wala si Ramadhani yenyewe, kwa sababu mtu aliyefunga hana subira ya kuvuta chane. Miyaa, yaani majani ya mkindu ya kusukia, unaipata sokoni imeshakaushwa. Watoto wadogo wanapasua chane kwa msumari au kwa ukucha, wakubwa wanatia rangi pamoja nami: maji yachemke, rangi ya unga iingie, miyaa izamishwe, igeuzwe, ikishakolea inaanikwa kivulini. Zamani manjano ilitoa rangi ya njano bila kununua chochote, na mimi bado naitumia ingawa inapauka upesi kuliko ya dukani. Kabla ya kusuka unalowesha chane, zikikauka zinakatika mkononi na mtoto anakata tamaa.

Usimpe mtoto kawa nzima. Mpe ukili, yaani ukanda, mwembamba asuke wa urefu wa mkono wake, basi. Ukili wa wajukuu wote unashonwa pamoja, kuanzia kileleni kuzunguka kwenda chini. Yangu ya mwaka juzi imepinda upande mmoja, pale mjukuu wa kiume alipovuta kwa hasira, na kila jioni anaonyesha wageni: "Hapa ni pangu."

Hadithi? Wakati wa kusuka tunategana vitendawili. Mikono ina kazi, macho yana kazi, kitabu utakishika na nini?

Mtu wa Kibosho

Huku kwetu mlimani Desemba ni watu kurudi. Mabasi kutoka Dar yanajaa, migomba inakatwa, mbuzi wa ndafu ameshachaguliwa na mbege imeshaanza kunukia. Katika kelele hizo watoto wa mjini wanazubaa na simu, kwa sababu kila kazi ina mwenyewe na hakuna aliyewakumbuka.

Mke wangu ni Mlutheri, mimi Mkatoliki, na Majilio, majuma yale manne ya kungojea Krismasi, yametupatanisha. Jumapili ya kwanza ya Majilio watoto wanatengeneza shada. Huko Dar walikuwa wananunua la plastiki. Sasa tunatumia waya wa kuanikia nguo uliokunjwa duara, na majani ya masale, ambayo kwa Mchaga yana heshima yake: ukitaka kuomba msamaha unakwenda na sale mkononi. Baba mkubwa alipoona masale kwenye shada la kanisa alikaa kimya, kisha akasema ni sawa kabisa, kwani Krismasi si ya kusameheana? Mishumaa minne inawekwa juu yake, mmoja unawashwa Jumapili ya kwanza, miwili ya pili, hivyo hivyo. Anayewasha ndiye anayesoma. Mkesha wa Krismasi inasomwa Luka sura ya 2, watoto wanagawana mistari, na bibi yao anataka isomwe kwa sauti ya kufika jikoni.

Keki tunaoka kwa mkaa. Unga nusu kilo, siagi robo, sukari robo, mayai sita, bekin pauda vijiko viwili vidogo, ganda la limau lililokwaruzwa. Sufuria kubwa inawekwa mchanga mkavu chini, ya keki inaingia ndani yake, mfuniko juu, halafu mkaa. Moto mwingi uwe juu ya mfuniko, chini uwe mdogo. Kila ukifunua kuchungulia unapoteza joto, kwa hiyo tumeweka mlinzi wa keki, na mlinzi ni mtoto mtundu kuliko wote. Akiwa mlinzi hafunui.

Sina Hela

Mnaishi dunia gani? Siagi robo, mayai sita, samli. Sisi wengine Desemba tunawaza ada ya Januari. Mambo ya kukata karatasi na kusoma hadithi ni ya wenye nafasi.

Mama Wawili, Tanga

Ndugu yangu, umesema kweli kuhusu ada, wala sikubishii. Lakini vitendawili vya Bi Mkeka ni bei gani?

Mhaya wa Muleba

Sina Hela, nisikilize mimi, kwetu chakula cha msimu kinashuka toka angani bure.

Mvua za vuli zikikolea, Novemba, senene wanafika. Wenye taa kali na mabati wanawatega usiku kwa ajili ya biashara. Sisi wa nyumbani tunaokota asubuhi kwenye majani, nyasi bado zina umande na senene hawajachangamka. Kazi si kuokota, kazi ni kunyonyoa. Kila senene atolewe mbawa na miguu. Ndoo moja inaweza kula alasiri nzima ya familia, na vidole vinakuwa vya kijani.

Sasa sikia utaratibu wa nyumbani kwetu, aliouanzisha marehemu baba, aliyekuwa karani. Mtu mmoja anasamehewa kunyonyoa: msomaji. Anakaa kwenye kigoda mlangoni penye mwanga na anasoma kwa sauti. Akikosea kusoma, au akisoma kwa uvivu, anarudi kwenye ndoo na mwingine anachukua kitabu. Hebu fikiria watoto saba wote wanautaka ule msamaha! Tulijifunza kusoma vizuri kwa ajili ya kukwepa senene. Mimi nilisoma kila kilichopo, hadi gazeti la kanisa na maelezo ya dawa ya mifugo, nikiweka na vituo. Kaka yangu mdogo, aliyekuwa na kigugumizi, alipewa mashairi, kwa sababu baba aligundua mizani inamsaidia. Leo anaongoza ibada.

Kupika ni rahisi: unakaanga kwa mafuta yao wenyewe, chumvi, kitunguu, moto wa polepole mpaka wakauke. Wakikauka vizuri wanakaa mpaka Krismasi. Zamani wanawake walinyonyoa na kukaanga lakini hawakuruhusiwa kula. Mama yangu alikula wa kwanza akiwa mtu mzima, akasema amedhulumiwa miaka mingi.

Sina Hela

Hapo kwenye kukwepa senene nimecheka peke yangu. Sawa. Mimi najua kutengeneza gari la waya na magurudumu ya kandambili, nilikuwa fundi wa mtaa mzima. Likizo hii nitamfundisha kijana wangu. Vipimo: waya, koleo, na kandambili iliyokatika.

Bint Muscat

Asalaam alaykum kutoka Oman. Bibi yangu alizaliwa Unguja, na nyumbani Kiswahili hakijatoka mpaka leo.

Huku kuna qaranqasho. Usiku wa katikati ya Ramadhani, wa kuamkia tarehe 15, watoto baada ya magharibi wanapita nyumba kwa nyumba wakiimba, wanapewa peremende, karanga na visenti. Madukani sasa mikoba yake inauzwa imepambwa, inameta. Bibi hataki kuisikia. Anakusanya kanga zilizochakaa mwaka mzima, na Ramadhani ikiingia anawakalisha watoto chini na sindano. Kila mtoto anashona mkoba wake: kipande kimoja kinakunjwa mara mbili, pande mbili zinashonwa, juu panapitishwa utepe. Yeye anachagua kipande chenye maandishi ili kila mkoba uwe na jina, yaani msemo wa kanga, kisha mtoto anapewa kazi ya kulisoma na kuuliza maana. Hapo Kiswahili kinafundishwa bila darasa.

Tukiwa tunashona tunaoka nankatai. Unga vikombe viwili, samli kikombe kimoja, sukari ya unga kikombe kimoja, iliki ya kusaga. Hakuna maji wala yai. Unavingirisha, unabonyeza katikati kwa kidole na kuweka lozi. Moto wa wastani, ukitoa oveni vikiwa bado laini, usiogope, vinakazana vikipoa.

Nyumba ya Mombasa

Nami niongeze fanusi ya kopo, maana kila mwaka majirani hunishika hapo barazani waulize.

Kopo la maziwa au la nyanya, lioshwe. Ukilitoboa likiwa tupu litabonyea. Lijaze maji, weka kwenye friza mpaka maji yagande kabisa, kisha mtoto achore mwezi na nyota kwa kalamu ya wino mzito, aweke kopo juu ya taulo na atoboe kwa msumari na nyundo kufuata mchoro. Barafu inalishikilia. Kitako huwa kinavimba kidogo kwa barafu, unakigonga kinarudi. Waya wa kushikia, mchanga kidogo ndani, mshumaa mfupi. Zikipangwa saba barazani, watu wanaotoka tarawehe wanasimama kutazama.

Na mkate wa sinia, kwa aliye na blenda: mchele vikombe viwili uliolala ndani ya maji, tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kidogo, iliki. Saga mpaka uwe laini kabisa, uache uumuke, koroga kidogo, mimina kwenye sufuria yenye mafuta iliyokwisha pata moto. Ukiumuka kupita kiasi unakuwa mchachu.

Mwalimu wa Darasa la Pili, Dodoma

Mmepika sana, vitabu mmevipitia juu juu. Nisaidie.

Wanaosema vitabu vya watoto vya Kiswahili havipo, vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia kuvichapisha tangu 1991, na maktaba za mikoa zinavyo. Mwenye simu aingie kwenye tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini 2014: kuna hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na unaruhusiwa kuzichapa bila kulipa. Mimi nachapa kwenye duka la stesheneri, nakunja karatasi katikati, watoto wanashona mgongo kwa uzi wa gunia na kupaka rangi. Jalada ni boksi la sabuni.

Ila kitabu kinachosomwa kuliko vyote nyumbani kwangu tumekitunga wenyewe. Likizo ya Desemba kila mtoto anakwenda kwa bibi au shangazi na daftari, anaomba pishi moja na kisa kimoja kinachokwenda nalo. Anaandika kama alivyoambiwa, hata kama bibi kasema "weka chumvi mpaka moyo uridhike". Pembeni anachora. Binti yangu alileta mlenda wa kusaga pamoja na kisa cha njaa ambacho mama mkwe hakuwahi kutusimulia sisi watu wazima. Aliulizwa na mtoto mwenye kalamu, akasema.

Nyumba ya Mombasa

Mwalimu, hilo la daftari nalichukua. Mama Wawili, swali: visheti vyangu hulegea kabla ya Idi ya pili. Nini?

Mama Wawili, Tanga

Dada, mara nyingi ni shira kutolewa mapema, haijavuta uzi. Au umevifunika vikiwa na joto. Vitandaze kwenye sinia mpaka vipoe kabisa, ndipo uvitie kwenye kopo la mfuniko wa kubana. Na kopo liweke juu kabatini, wana wasilifikie.