Mgahawa wa siku nyingi, kifungua kinywa kibovu: nilalamike kwa nani?

mteja_wa_asubuhi:

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu, hasa mliowahi kufanya kazi jikoni.

Kuna mgahawa wenye matawi kadhaa, jina nalihifadhi. Ni wa tangu enzi za wazazi wetu. Menyu haijabadilika, makochi ni yaleyale, na sifa yake kubwa miaka yote ni chakula cha asubuhi: mayai, viazi vya kukaanga, soseji, mkate uliobanikwa, na kahawa unayoongezewa bila kuomba. Nimeanza kula pale nikiwa mtoto wa kushikwa mkono. Juzi nimekula pale tena, na hadi sasa roho inaniuma.

Nianze na mayai. Niliagiza ya kuvuruga, nikasisitiza yawe laini. Yakaja upesi mno, sukari ya kahawa hata haijayeyuka. Lilikuwa bonge moja lenye umbo la upawa uliolichota: juu limeota ngozi, chini limekaa kwenye maji. Nikilibonyeza kwa uma linarudi juu kama sifongo. Ubavuni lina rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Nikadhani ni jani la kitunguu, nikaligeuza, kumbe ni yai lenyewe.

Mkate ulikuwa na rangi nzuri ya kahawia lakini umelowa, maana vipande vilipangwa kimoja juu ya kingine vikiwa bado vinatoa mvuke. Siagi ilikuwa ngumu, ukipaka inachana mkate. Kahawa ilikuwa ya moto sawasawa, ila chungu, tena uchungu wenye uchachu unaobaki kooni. Soseji haikuwa na neno. Viazi, nitasema haki, vilikuwa vitamu kama zamani, nje vinakwaruza, ndani laini.

Mhudumu ni mama mtu mzima, yuko pale miaka mingi. Alipokuja kutoa vyombo aliitazama sahani kabla ya kunitazama mimi, akasema polepole, "Siku hizi yanapikwa mapema, baba." Hakuongeza neno.

Sasa maswali yangu. Kwanza, jikoni kunatokea nini hadi yai linakuwa vile? Pili, nikitaka kulalamika nimwambie nani ili yule mama asije akabebeshwa lawama? Sitaki kurudishiwa hela. Nataka kile chakula kirudi.

mpishi_mstaafu:

Mkuu, nimesimama kwenye bamba la kukaangia sehemu kubwa ya maisha yangu, na sahani uliyoieleza naijua. Mayai yako hayakuungua. Yalipikwa sawa kabisa, halafu yakawekwa.

Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi joto 62 hivi, na kiini kati ya 65 na 70. Mayai laini ya kuvuruga unayatoa motoni yakiwa bado yanang'aa, maana yataendelea kuiva yenyewe kwenye sahani. Upande wa pili kuna kanuni ya usalama: chakula kilichopikwa kikisubiri kuliwa kinatakiwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60. Shirika la Afya Duniani wanaelekeza hivyo, na wako sahihi, kwa sababu chini ya hapo vijidudu huzaliana haraka. Sasa linganisha hizo namba. Joto linalolinda yai lisichafuke liko jirani kabisa na joto linaloliivisha. Trei ya mayai ikikaa kwenye joto salama, mayai yanazidi kuiva polepole. Protini zinakazana na kukamua maji, ndiyo yale uliyoyaona chini ya bonge. Hakuna mpishi awezaye kuyatunza laini kwenye trei asubuhi nzima. Dawa ni kupika mteja akishaagiza.

Kijani kile ni madini ya chuma ya kwenye kiini yakikutana na salfa ya kwenye ute. Vikikaa kwenye joto muda mrefu vinaungana na kutoa rangi hiyo. Ndiyo pete unayoiona kwenye yai lililochemshwa kupita kiasi. Halidhuru, ila linakuonyesha kwamba yai limekaa.

hamahama:

Acha kujitesa, ndugu. Migahawa mizuri ni mingi. Wakiona viti vitupu watajirekebisha wenyewe.

mteja_wa_asubuhi:

@hamahama nakuelewa, lakini mimi sijafika huko. Kiti kitupu hakiwaambii kwamba tatizo ni mayai. Wanaweza kudhani tunataka makochi mapya, wakabadilisha makochi na trei ikabaki palepale.

@mpishi_mstaafu ahsante sana, mzee wangu. Sasa kwa nini viazi vilikuwa vizuri? Navyo si vinaandaliwa mapema?

mpishi_mstaafu:

Swali zuri. Vinaandaliwa mapema, na huko ndiko kunakovisaidia. Kiazi ukikichemsha, ukakipoza na kukiacha kwenye friji usiku kucha, wanga wake unakaza na uso wake unakauka. Asubuhi ukikitupa kwenye bamba lenye mafuta ya moto kinashika ukoko haraka bila kumong'onyoka. Kwa hiyo usije ukawaandikia kwamba kosa lao ni kuandaa mapema. Jiko lolote la asubuhi linaishi kwa maandalizi ya usiku. Kazi ya mkuu wa jiko ni kujua kipi kinavumilia kusubiri na kipi hakivumilii. Kiazi kinavumilia, soseji inavumilia kiasi. Yai halivumilii, na mkate uliobanikwa ndiyo kabisa: ule ukoko ni uso uliokauka, ukiufunika na mvuke umeuharibu ndani ya dakika chache. Mikate inasimamishwa wima au inapelekwa mezani mmojammoja.

Kahawa ndiyo inayoniuma mimi. Ikishachujwa na kuachwa juu ya sahani ya umeme inazidi kubadilika. Asidi zake zinavunjika, na unapata huo uchungu wenye uchachu. Sisi birika likikaa nusu saa lilikuwa linamwagwa, na mwenye mgahawa mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwaga. Au weka kwenye chupa ya kutunza joto isiyo na moto chini, itadumu zaidi.

mama_wa_zamu:

Niongeze kwa upande wa ukumbini, nimewahi kuwa msimamizi wa zamu.

Malalamiko yanayofanya kazi ni yale yanayotolewa chakula kikiwa bado mezani. Mwite mhudumu kwa heshima, mwambie, "Naomba kuonana na msimamizi wa zamu, na wewe huna kosa lolote." Mwambie hivyo msimamizi akiwa amesimama pale na anasikia. Hapo mama wa watu ameshalindwa. Kisha usiseme chakula ni kibaya. Neno hilo tunalisikia kutwa na halina pa kupelekwa. Mwonyeshe yale maji chini ya yai, mwonyeshe kijani. Yeye atakwenda jikoni na sahani mkononi, na mpishi akiiona hatakuwa na la kubisha.

Kwa kuwa siku imeshapita, andika. Ila usimwandikie msimamizi wa tawi peke yake. Kwenye mgahawa wenye matawi, uamuzi wa kupika mayai kwenye trei mara nyingi hautoki kwenye tawi. Unatoka kwa wanaopanga idadi ya wapishi wa asubuhi. Ukiweka mpishi mmoja mahali pa wawili, lazima atapika mapema, hana mikono mingine. Kwa hiyo nakala ipeleke makao makuu.

Na ukienda tena, agiza mayai ya macho, kiini kikiwa kinatiririka. Hayo hayawezi kukaa kwenye trei. Watalazimika kuvunja yai kwa ajili yako.

mgeni_jukwaani:

Samahani kuingilia. Nimesikia siku hizi wanatumia mayai ya maji yanayokuja kwenye pakiti. Je, si ndiyo hayo?

mpishi_mstaafu:

Inawezekana, ila nayo nisingeyalaumu. Ni mayai halisi yaliyovunjwa kiwandani na kupashwa joto kuua vijidudu bila kuyagandisha. Mengi huwekewa asidi ya sitiriki kidogo ili yasigeuke kijani. Ukiyapika palepale na siagi kidogo, wateja wengi hawatambui tofauti. Kwa rangi aliyoieleza mleta mada, mimi naona ni mayai ya kawaida yaliyosahauliwa kwenye trei.

mteja_wa_asubuhi:

Wakuu, nimeandika hivi, naomba mnisomee:

"Mimi ni mteja wenu wa tangu utotoni. Nilikula kifungua kinywa kwenye tawi lenu. Mayai ya kuvuruga yalikuwa yamekauka juu, yametoa maji chini, na yalikuwa na kijani, dalili ya kukaa muda mrefu kwenye joto. Mkate ulipangwa ukiwa na mvuke ukalowa. Kahawa ilikuwa imekaa motoni hadi imechacha. Viazi vilikuwa vizuri sana, mpeni pongezi aliyevikaanga. Mhudumu wangu alinihudumia vizuri, naye hana kosa. Ombi langu ni kwamba mayai yapikwe mteja akishaagiza. Niko tayari kusubiri, na naamini wengi wetu tuko tayari. Ikiwa tatizo ni uchache wa wapishi wa asubuhi, tafadhali liangalieni."

mama_wa_zamu:

Nzuri. Ongeza tarehe na saa uliyokula, bila hivyo hawatajua ilikuwa zamu ya nani jikoni wala trei ilitolewa saa ngapi. Na pale kwenye mhudumu, usitaje alichokuambia.

mteja_wa_asubuhi:

Tarehe na saa nimeweka. Maneno yake sijayagusa kabisa. Nimetuma kwa tawi na makao makuu, wakijibu nitaleta jibu hapa.