Oktani kubwa si dawa ya kila gari, acheni kutupiga!

Wakuu, leo nimekuja nimevimba, mtanisamehe.

Kuna hii imani imeenea kila kona kwamba petroli yenye oktani kubwa ndiyo petroli "safi", na ile ya kawaida ni ya watu wasiojipenda. Wahudumu wa pampu wanahubiri hivyo, mafundi wanahubiri hivyo, na humu ndani kila mtu akiuliza "gari langu limekuwa zito, nifanye nini?" jibu la kwanza ni "weka oktani kubwa mkuu, utakuja kunishukuru." Nikushukuru kwa lipi? Kwa kunimalizia hela?

Kilichonitibua ni hiki. Nimesimama kwenye pampu, nimemwambia mhudumu kwa sauti ya kusikika "weka ya kawaida". Nageuka kuchukua pochi, narudisha macho, kashachomeka mpira wa ile ya gharama na namba zinakimbia. Namuuliza, ananichekea: "Bosi, nimekuwekea ile nzuri, injini itakuwa laini." Laini! Gari lenyewe ni injini ya cc 1500, halina turbo, na ndani ya kifuniko cha tenki, hapo hapo alipoweka mkono wake, kuna stika imefifia lakini inasomeka: RON 91, yaani namba ya oktani ambayo injini iliundiwa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema hicho ni kiwango cha chini tu, ukiongeza ndiyo vizuri zaidi. Nikaita msimamizi. Naye badala ya kuniuliza niliagiza nini, akaanza kunifundisha kwamba magari ya siku hizi yote yanataka oktani kubwa. Nikalipa, maana mafuta yakishaingia kwenye tenki utayarudisha na nini? Lakini nimeondoka pale nikiwa na hasira hadi sasa.

Sasa tuelewane. Oktani haipimi nguvu ya mafuta wala usafi wake. Inapima mafuta yanavumilia kugandamizwa kiasi gani bila kujiwasha yenyewe. Pistoni inapopanda, mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa na unapata joto kali. Sehemu ya mchanganyiko ikijilipukia kabla moto ulioanzia kwenye plagi haujaifikia, ndipo unasikia injini inagonga, ule mlio mkavu wa vyuma ukiwa unapanda mlima na gia nzito. Kugonga kukizidi kunaweza kutoboa hata pistoni. Kwa hiyo namba ile ipo kwa sababu ya msingi, sikatai.

Ila ona ilivyopatikana. Kipimo kilibuniwa miaka ya 1920. Isooktani, kimiminika kinachohimili sana kugonga, ikapewa 100, heptani inayogonga kirahisi ikapewa 0, na petroli yoyote inalinganishwa na mchanganyiko wa hizo mbili kwenye injini ya majaribio ya silinda moja. RON 95 maana yake mafuta hayo yanahimili kugonga sawasawa na mchanganyiko wenye isooktani asilimia 95. Basi. Hapo kilomita kwa lita ziko wapi? Mwendo kasi uko wapi? Tena ethanoli, ile pombe inayochanganywa kwenye petroli, ina RON inayopita 100, lakini lita yake ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na petroli. Yaani unaweza kupandisha oktani na papo hapo ukapunguza nguvu iliyomo kwenye lita unayolipia.

Halafu kuna wanaosema "wazee walituambia". Wazee walikuwa sahihi kwa magari yao! Enzi za kabureta fundi aliseti taimingi, yaani muda wa cheche kuwaka, kwa kuzungusha distribyuta (kigawa cheche) kwa mkono, akikosea kidogo au ukipata mafuta hafifu, injini inagonga na hakuna wa kuiokoa. Magari mengi ya sasa yana sensa ya kugonga imefungwa kwenye bloku. Ikisikia mtikisiko wa aina ile, kompyuta inachelewesha cheche mara moja. Na injini iliyoundwa kwa RON 91 ikiwa nzima haina cha kukimbia, inakunywa 91 bila kugonga. Ukiipa 98, kompyuta haina ramani ya siri iliyofichwa ikisubiri siku utakayopata mshahara. Inafanya kazi ile ile. Umekunywa dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Msidhani nimetunga mimi. Mwaka 2016 AAA, kile chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima magari yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida, ya silinda nne, sita na nane, kwa mafuta ya kawaida na ya oktani kubwa. Nguvu, ulaji wa mafuta, moshi: hakuna faida ya maana. Wakakadiria madereva wa huko walipoteza zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja kwa kununua mafuta ambayo magari yao hayakuyahitaji. Wenzetu wamepigwa, na sisi tunapanga foleni kupigwa.

"Lakini inasafisha injini." Kinachosafisha ni viungio vya kusafisha, na hivyo si oktani. Kuna wauzaji wanaotia viungio vingi zaidi kwenye ile ya gharama, sawa, kama ni hivyo waseme wanauza viungio. Petroli ya kawaida nayo inaweza kuwa navyo vya kutosha. Na kama gari lako linapulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haipiti kabisa juu ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo masizi ya pale hayaguswi hata ununue ya ndege.

Hasira yangu kubwa lakini ni kwa mafundi. Gari la shemeji yangu lilikuwa linatetemeka likiwa sailensa, yaani limesimama injini inawaka bila kukanyagwa, na linakata nguvu ukikanyaga. Fundi hakufungua hata boneti vizuri, akamwambia "mafuta unayoweka ni mabovu, hamia oktani kubwa." Mtu wa watu akahamia, anajaza tenki kwa tenki, gari linatetemeka vile vile. Alipopelekwa kwa fundi mwingine, koili moja, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, ilitolewa ikaonekana ina ufa ubavuni, na plagi yake imelowa petroli kwa sababu haichomi. Silinda moja haifanyi kazi na wewe unaniambia oktani! Muda wote huo petroli ambayo haijaungua inaingia kwenye katalisti, kile kisafisha moshi cha bomba la nyuma, na kuichoma. Huyo fundi wa kwanza anazilipa hasara hizo? Halipi, na bado ana wateja.

Kabla wenye magari yao makali hawajanirukia: kama una turbo au injini ya mgandamizo mkubwa, na kitabu kimeandika ni lazima 95 au 98, weka hiyo hiyo na usishuke. Kikisema "inapendekezwa", ukishuka kidogo utapoteza nguvu kiasi, hiyo ni hesabu yako. Kama injini inagonga kwenye mafuta iliyoandikiwa, itafutiwe ugonjwa. Na angalieni namba za Marekani, wao wanatumia wastani wa RON na MON (kipimo kingine cha oktani, kinachopimwa injini ikiwa kwenye hali ngumu zaidi). 91 yao ni karibu 95 ya RON, na 87 yao ni kama 91 au 92. Nimeona mtu humu anabishana kwa kitabu cha Marekani hajui anasoma kipimo kingine.

Sasa wale wa "mimi nilihisi tofauti". Sitaki ulivyohisi. Jaza tenki mpaka pampu ikate, andika kilomita, endesha njia zako za kawaida, jaza tena kwenye pampu ile ile mpaka ikate, gawanya kilomita kwa lita. Rudia kwa tenki kadhaa za kila mafuta, upepo wa tairi na mzigo visibadilike. Leta namba zako hapa pamoja na picha ya stika ya kifuniko cha tenki lako. Asiye na hivyo viwili asinijibu.