Bustani nyuma ya nyumba Phoenix, jua linaunguza kila kitu, nifanyeje?

mama_uvira
Jambo wandugu, niko naomba msaada. Tunaishi Phoenix, Arizona, nyumba ya kupanga lakini mwenye nyumba ameturuhusu kulima ile nafasi ya nyuma. Mwezi wa tano nilipanda lengalenga (mchicha), matembele, tomate na bamia. Sasa tuko mwezi wa saba, bamia zinasimama vizuri, matembele nusu nusu, ila tomate zinatoa maua maua yanaanguka, hakuna hata moja imezaa, na lengalenga kingo za majani zinakauka zinakuwa kahawia. Mayi namwagilia asubuhi na jioni kila siku, bili imepanda bwana yangu analalamika. Tena ukichimba kidogo tu unakutana na kitu cheupe kigumu, jembe linaruka. Niweke mbolea gani? Ao niache tu mpaka baridi? Watoto wamezoea mboga yetu na dukani haipatikani kila wiki.

mkulima_tucson
Dada pole na jua, usiache. Hiyo tomate (sisi tunaita nyanya) wala haiumwi, ni joto tu. Mchana ukipita kama nyuzi 35 na usiku usiposhuka chini ya 24 hivi chavua inaharibika ua linadondoka, na Phoenix mwezi wa saba usiku wenyewe unacheza kwenye 29, 30, sasa hapo hata umwage mbolea ya aina gani haitashika. 2023 mji wenu ulipiga siku 31 mfululizo kila siku 43 na zaidi, nyanya gani itavumilia hiyo? Huku nyanya inaingia ardhini katikati ya Februari mpaka Machi, unavuna mpaka Juni, basi. Hizo ulizonazo kama bado zina nguvu zipunguze matawi uzitunze kivulini, joto likivunjika zinaweza kuzaa tena.

Kitu kikubwa huku ni kwamba mwaka umegeuka. Sisi tumezoea kusubiri mvua, huku msimu mnono wa mboga unaanza mwisho wa Septemba na Oktoba, sukuma, spinachi, karoti, vitunguu, kotmiri, kabichi, vyote vinakwenda mpaka Aprili huko. Kiangazi unabaki na wapenda joto, bamia, kunde, matembele, mlenda, na lengalenga ukiipa kivuli cha mchana. Chuo Kikuu cha Arizona kupitia watu wao wa ugani wana kalenda ya kupanda mboga ya kaunti yenu ya Maricopa, itafute uibandike ukutani, ukifuata hiyo umeshinda nusu.

Maji sasa. Kunyunyiza kidogo kidogo asubuhi na jioni ndo kunakochoma hizo kingo. Maji ya Phoenix yana chumvi, mengi yanatoka mto Colorado na mto Salt, ukimwagia juu juu maji yanapaa chumvi inabaki palepale kwenye mizizi. Mwagilia alfajiri, taratibu, kwa muda mrefu mpaka yashuke kama sentimeta 30, halafu uache, mboga kwa joto hili labda siku moja unaruka moja. Chukua nondo nyembamba uichomeke baada ya kumwagilia, inapogoma ndipo maji yalipoishia. Na mpira wa maji ukikaa juani yale maji ya kwanza yanaunguza ngozi kweli kweli, yamwage pembeni kwanza hasa kama watoto wako karibu.

Neti ya kivuli nunua ya asilimia 30 mpaka 50, usichukue ya 80 mboga itarefuka bila nguvu. Na usiweke juu tu, shusha upande wa magharibi, jua la saa tisa saa kumi alasiri ndo linaua. Ukuta wa tofali nao unatema joto usiku kucha, usipande umeugusa.

Hicho cheupe kinaitwa kaliche, ni chokaa iliyogandamana na udongo mpaka ikawa zege. Chimba shimo, jaza maji, kama mpaka kesho yake bado yapo hapo mizizi itaoza, inabidi utoboe kwa mtaimbo mpaka upite au ujenge tuta la mbao juu ujaze udongo na mboji.

ekai_lodwar
Mi niko Lodwar Turkana, jua tunalijua. Nakubali mengi ya bro hapo juu lakini hiyo ya tuta la mbao naona itamsumbua, tuta lililoinuka linapigwa na upepo na jua pande zote linakauka haraka, hapo bili itapanda zaidi. Kama maji yanapita vizuri kwa udongo wako wewe shuka chini, chimba bed ikae chini ya usawa wa ardhi kama sentimeta 15, 20, weka samadi iliyooza vizuri changanya, panda ndani. Maji yote yanakaa pale pale na mimea inapata kivuli kidogo ya ule ukingo. Halafu matandazo, majani makavu, nyasi, chochote, funika mpaka usione udongo, hapa kwetu hiyo pekee ndio inaamua kama utakula ama hutakula. Jaribu pia mlonge, ukishashika hauna shida na joto na majani ni mboga.

mkulima_tucson
Sawa kabisa kaka, tuta la mbao ni la pale kaliche inapogoma kutoboka tu. Na mlonge huku unamea vizuri, baridi kali ya Januari inaweza kuukausha juu ila mara nyingi unachipua tena chini.

binti_barka
Salaam aleikum, niko Oman huku Barka. Mashamba ya zamani huku yamepangwa ngazi ngazi, juu mitende, chini yake milimau na mindimu, chini kabisa majani ya mifugo na mboga, kila mmoja anamkinga mwenzake. Kwa hiyo bi mdogo ikiwa mwenye nyumba ana mti wowote hapo, panda upande wake wa mashariki, asubuhi mboga inapata jua, mchana imepumzika. Na chumvi usiichukulie wepesi, huku pwani ya Batinah visima vimevutwa sana mpaka maji ya bahari yameingia ndani, watu wameacha mashamba. Mara moja moja fungulia maji mengi uisukume chumvi iende chini.

mama_uvira
Aksanti sana wote, niko naandika kwa daftari. Kuna mti wa mesquite hapa, nitajaribu upande wake wa mashariki. Swali moja tena, kwetu tunatupa majivu ya jiko kwenye bustani, nifanye na huku? Na matembele majani mapya yanatoka njano ila mishipa inabaki kijani.

mkulima_tucson
Majivu hapana dada, kabisa. Penye udongo wa tindikali majivu yanasaidia, wa Phoenix una chokaa tayari, pH (kipimo cha tindikali, ikipita 7 tindikali hakuna) inafika 8 na zaidi, majivu yanazidisha. Na hiyo njano yenye mishipa ya kijani ni huo huo ugomvi, chuma kimo ardhini ila chokaa imekifungia mmea haukipati. Tafuta mbolea ya chuma iliyoandikwa EDDHA, hizo nyingine nyingi hazifanyi kazi kwenye udongo huu, mwagia kwenye mizizi kwa kipimo cha kwenye pakiti, na endelea kuweka mboji. Angalia pia kama udongo haukai umeloa muda wote, mizizi ikikosa hewa inaleta njano hiyo hiyo, kwa hiyo anza na maji kwanza kabla hujatoa pesa.