Naomba ushauri: kulinda muundo wa kashata za tairi

Habari wakuu. Kwa miezi mitano nimekuwa nachora kashata za tairi: mifereji ya umbo la V katikati, na mabegani vijino vilivyopinda kama jani linaloanza kukunjuka. Naupenda mno mchoro huu, sitaki uibwe.

Nimesoma kwamba Marekani hati ya muundo (design patent) hulinda mwonekano kwa miaka 15 tangu itolewe, ila si utendaji. Hapo nimekwama. Mifereji inatoa maji chini ya tairi, hiyo ni kazi; vile vijino nimevikunja kwa urembo tu.

Je, kwenye ombi la hati nidai ulinzi wa tairi zima, au wa vijino peke yake na sehemu nyingine nizichore kwa mistari ya kukatikakatika, kuonyesha kuwa sizidai? Aliyewahi kupitia hili anielekeze, tafadhali.