MySQL inajizima yenyewe usiku kwenye VPS, nimechoka kuiamsha

kichwa_ngumu
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hili jambo linaninyima usingizi. Nimehama kwenye hostingi ya kushea nikachukua VPS (seva ya kukodi ya peke yangu), RAM 1GB, Ubuntu, nikapandisha Apache, PHP, MySQL na WordPress, vyote kwa mkono wangu na siku mbili za mwanzo ilikuwa inakimbia vizuri tu. Sasa kila usiku saa nane saa tisa hivi saiti inakufa, ukifungua inasema imeshindwa kuunganisha na databesi, nikiingia kwa SSH nakuta MySQL imelala, naiwasha inawaka, kesho yake yaleyale. Sijagusa kitu. Nimeweka kroni iiwashe kila dakika 5 lakini naona najidanganya. Niifute niweke upya?

pingu_za_root
usifute kitu mkuu. piga hii utuletee majibu

`sudo dmesg -T | grep -i "killed process"`

na hiyo kroni itoe, ni sawa na kumfuta mtoto machozi huku umemkanyaga mguu

kichwa_ngumu
Imetoka mistari mitatu, yote ni Out of memory: Killed process halafu namba halafu mysqld, na saa zinalingana kabisa na saiti ilipokufa. Kumbe MySQL ndo inamaliza RAM?

dada_terminal
Hapana kaka, MySQL hapo ni marehemu, muuaji yupo mwingine 😀

Iko hivi, memori ikiisha kabisa keneli (moyo wa mfumo endeshi) inatafuta mchakato mmoja wa kuua ili mashine isigande, na haiangalii nani kaanza fujo, inaangalia nani kashika memori nyingi zaidi peke yake. MySQL ni mchakato mmoja, tuseme kashika MB 400. Apache inazaa vitoto, kila kitoto MB 40 au 50 kikiwa kimebeba PHP, hakuna kimoja kinachoonekana mkubwa ila vikiwa thelathini basi 1GB yako imeshaliwa na zaidi. Keneli inapita inamuona MySQL ndo mnene kuliko wote, inamkata yeye. Mwizi kakimbia, kapigwa mpita njia.

Fungua `/etc/apache2/mods-available/mpm_prefork.conf`, utakuta MaxRequestWorkers, yaani idadi ya juu ya vitoto vya Apache, ni 150, hiyo ndo namba inayokuja nayo. 150 mara MB 50 ni kama GB 7.5, wewe una moja! Ingia htop uone safu ya RES kila apache2 anakula ngapi, toa za MySQL na za mfumo, kinachobaki gawanya kwa ukubwa wa kitoto kimoja. Kwako sidhani itazidi 8. Wakijaa wageni wengine wanasubiri foleni, saiti inakuwa nzito lakini haifi.

Ila swali langu, saa nane usiku nani anasoma blogu yako?

kichwa_ngumu
Hahaha hata mchana hawapo. Ngoja niangalie logi

kichwa_ngumu
Jamani. Jana usiku pekee kuna mistari zaidi ya elfu 11 ya POST /xmlrpc.php, IP mbili tu

pingu_za_root
boti hao wanajaribu pasiwedi kupitia xmlrpc.php, mlango wa WordPress wa kupokea amri kutoka nje. fungia, kwenye konfigi ya saiti weka

```
<Files xmlrpc.php>
Require all denied
</Files>
```

ukishamaliza `sudo apache2ctl configtest` kwanza ndo ureload. kama unapost kwa app ya WordPress ya simu au una Jetpack zinaweza kugoma, maana zinapitia hapohapo

mzee_wa_klaudi
Mnamzungusha bure kijana, achukue RAM 4GB alale.

dada_terminal
Mzee shikamoo, lakini na 150 ile ile hizo 4 nazo zitajaa, atakuwa amenunua usingizi wa wiki moja tu. Na akipandisha mpango aangalie, kwa watoa huduma wengi diski ikishakuzwa hairudi kuwa ndogo, RAM ndo unaweza kupandisha na kushusha.

Ninachokubali aongeze ni swap (kipande cha diski kinachosaidia RAM ikijaa), mashine nyingi za klaudi zinakuja bila hata tone:

```
sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
```

halafu `/swapfile none swap sw 0 0` mwishoni mwa /etc/fstab la sivyo ukiriboti imepotea. Swap ni godoro la kuangukia tu, diski haina mbio za RAM, ukiona inatumika muda wote ujue bado hujatibu.

mzee_wa_klaudi
Marahaba. Hapo kwenye 150 umenishika.

kichwa_ngumu
Mrejesho: nimeweka workers 8, xmlrpc nimeifunga, swap 2GB ipo, kroni nimetoa. Usiku wa nne huu MySQL haijaanguka, swap iliyotumika MB 60 tu. Boti bado wanakuja wanakula 403 (wanakataliwa) wanaondoka. Sasa hivi nasoma auth.log naona kuna watu wanajaribu kuingia kama root (msimamizi mkuu wa seva) kila sekunde chache, hiyo nayo ni kawaida au nifungue uzi mwingine?

pingu_za_root
kawaida. weka funguo za SSH, ukishahakikisha unaingia kwa ufunguo ndo uzime pasiwedi, na ile sesheni ya kwanza usiifunge mpaka ujaribu kwenye dirisha lingine. mi nilishawahi kujifungia nje