Naomba ushauri: fugwe la kichwa (ugonjwa wa ukungu) kwenye mtama, mbegu zilipakwa dawa

Habari za kazi wakulima wenzangu na mabwana shamba. Shamba ni ekari 2 za mtama huku Nachingwea, udongo wa kichanga. Mbegu zilipakwa thiramu, dawa ya ukungu, gramu 3 kwa kilo, zikatikiswa kwenye ndoo yenye mfuniko. Fugwe la punje, lile linaloharibu punje mojamoja, limekwisha, ila la kichwa, lile linalogeuza suke zima kuwa unga mweusi, lipo palepale. Nadhani sababu ni hii: thiramu hubaki kwenye ganda la mbegu, na vimelea vya fugwe la kichwa vinakaa udongoni, vinauingia mche ukiwa bado mchanga. Masuke yenye ugonjwa tumeyakata na kuyachoma kabla hayajapasuka.

Sasa nafikiria tebukonazoli, dawa ya ukungu ya kundi la triazoli, kwa kuwa inapenya ndani ya mmea na kupanda na maji kuelekea majani. Hofu yangu ni kipimo: dawa za kundi hili zikizidi hufupisha chipukizi, na mbegu iliyofukiwa sentimita 5 inaweza kushindwa kutoka.

Kwa mliowahi kuitumia kwenye mtama, mlifukia kina gani? Na je, mche ulilindwa hadi wiki ya ngapi kabla dawa haijapungua nguvu kadiri mmea unavyokua?